Kamba wa kuchoma: Tazama saa kabla ya kuitazama siagi

Kaskazi ikivuma, Mombasa hubadili saa zake za kula. Joto la Februari na Machi halimpi mtu nafasi ya kukaa jikoni, na kwa hivyo watu wa Mji wa Kale hupandisha majiko juu ya paa, nao wenzao wa Likoni na Mtongwe hutoa ya kwao uani. Bahari imetulia, ngalawa na mashua zinatoka nje ya miamba, na sokoni kuna kamba, kaa, ngisi na pweza. Huo ndio wakati wa kualikana. Makaa yakishawaka vizuri, kamba hupangwa juu ya wavu, siagi huyeyushwa pamoja na kitunguu thomu na ndimu, na harufu yake humfikia jirani kabla ya mwaliko.

Huo pia ndio wakati ambapo sisi matabibu hupata kazi mbili. Ya kwanza ni maswali. Watu wa umri wangu, waliokwisha kupimwa presha na kuambiwa neno kolesteroli, huniuliza: "Daktari, kamba nile nisile? Na siagi je?" Kazi ya pili huja siku ya pili yake asubuhi. Ni mama, watoto wawili na mjomba aliyekuja kutembea, wote wameshika matumbo. Hao hawaulizi juu ya kolesteroli. Wanataka kujua lini wataacha kutapika.

Nimeona mambo haya kwa miaka kadhaa sasa, na nimefikia rai ambayo nataka kuitoa hapa waziwazi. Katika karamu ya kamba nyumbani tunaogopa kitu kidogo na kukidharau kikubwa. Tunaitazama siagi, hatuitazami saa.

SAFARI YA KAMBA

Hebu tumfuate kamba mmoja, tangu sokoni hadi sahanini. Bwana mmoja anafanya kazi mjini na anakaa Likoni. Jioni atakuwa na wageni. Anajua kamba wazuri huisha mapema, kwa hivyo saa sita mchana, wakati wa mapumziko, anakwenda soko la samaki la Mji wa Kale na kununua kilo mbili. Anatiliwa katika mfuko, anarudi ofisini, na mfuko anauweka chini ya meza. Saa kumi na moja anatoka. Kufika Feri anakuta umati. Anasubiri, anavuka, anapanda matatu, anafika nyumbani saa moja usiku. Mke wake anawaosha kamba, anawatia ndimu, chumvi na pilipili, na kuwaacha mezani ili viungo viingie. Makaa hayajashika. Wageni wamechelewa. Saa mbili na nusu kamba anawekwa motoni.

Msomaji, hesabu. Ni saa nane na nusu katika joto la Mombasa, bila barafu hata kipande.

Shirika la Afya Ulimwenguni linafundisha kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya baridi kwa zaidi ya saa 2, na kwamba baridi ya friji iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Sababu yake ni rahisi kueleza. Baharini, hasa katika maji ya vuguvugu, wanaishi bakteria wa jamii ya vibrio. Hawaji kwa uchafu wa muuzaji. Ni wenyeji wa bahari kama kamba mwenyewe. Mmoja wao, Vibrio parahaemolyticus, aligunduliwa Japani mwaka 1950, baada ya watu 272 kuugua na 20 kufa mjini Osaka kwa kula samaki wadogo. Kinachomfanya awe wa hatari ni kasi yake. Akipata joto analolipenda, huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 10 hivi. Bakteria mmoja kwa mwendo huo huwa 64 baada ya saa moja, na zaidi ya 4,000 baada ya saa mbili. Zile saa nane na nusu za chini ya meza na za foleni ya Feri nakuachia uzipigie hesabu mwenyewe.

Wengine hunijibu: "Lakini daktari, moto si utawaua?" Naam, moto ukitosha utawaua. Chakula kikifika nyuzi 70 mpaka ndani, vibrio hawabaki. Lakini kuna mambo matatu yanayouharibu ushindi huo. La kwanza, mtu anayechoma kamba huogopa wasikauke, kwa hivyo huwatoa mapema. La pili, maji ya kamba wabichi yameshagusa kisu, ubao, mikono na sinia, na kachumbari imekatwa papo hapo. Kachumbari haipiti motoni. La tatu, wako bakteria wengine, watokao katika mikono na pua zetu sisi wenyewe, ambao wakiachwa katika chakula chenye joto hutoa sumu isiyoondoka hata kwa kuchemshwa. Bakteria hufa, sumu hubaki.

NDIMU SI MOTO

Pwani tunaipenda ndimu, nami siwezi kula samaki bila hiyo. Lakini yako mazoea ya kuamini kwamba kamba aliyelala katika ndimu "ameshaiva". Nyama yake hugeuka nyeupe, ndiyo, kwa sababu ukali wa ndimu hubadili protini. Hata hivyo kugeuka rangi si kuiva. Ndimu hupunguza baadhi ya vijidudu, haiwamalizi wote, na virusi wengi hawaijali.

Ulimwengu umeshajifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1988, mjini Shanghai, watu wapatao 300,000 walipata homa ya ini aina ya A kwa kula kome waliotokoswa kidogo tu, kwa sababu walaji walipenda wawe laini. Mwaka 1991 kipindupindu kiliingia Peru, nchi ambayo samaki mbichi wa ndimu ni chakula cha heshima, na katika mwaka huo huo zaidi ya watu 300,000 waliugua. Maji machafu ndiyo yaliyokuwa chanzo kikubwa, lakini vyakula vya baharini visivyopikwa vilikuwa miongoni mwa njia zilizosaidia kukisambaza.

Nasi hatukusalimika. Mapema mwaka 1998, kipindupindu kilipokuwa kimeenea Afrika Mashariki baada ya mvua za El Niño, nchi za Ulaya zilifunga milango kwa samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema hatari ya kipindupindu kwa njia ya samaki wa biashara ilikuwa ndogo sana. Hata hivyo marufuku yaliendelea hadi katikati ya mwaka, na wavuvi na wenye viwanda wakala hasara. Mimi nililitoa funzo moja hapo: usafi wa maji na baridi ya barafu si anasa ya wageni wa hoteli, ni riziki ya watu.

Kwa sababu hiyo hiyo nina neno juu ya chaza. Chaza na kome hula kwa kuchuja maji, lita nyingi kila siku, na kila kilichomo majini hukusanyika ndani yao. Hori zinazokizunguka kisiwa chetu hupokea maji machafu ya mji. Chaza aliyetolewa kwenye mikoko ya hori hizo, akaliwa mbichi kwa ndimu na pilipili, mimi simli wala simshauri mgonjwa wangu yeyote amle. Mwenye ugonjwa wa ini amwepuke kabisa akiwa mbichi, kwani uko vibrio wa aina nyingine unaoweza kumwingia damuni na kumuua kwa siku chache.

SASA TUIJIE SIAGI

Kwa muda mrefu kamba walipewa jina baya kwa sababu ya kolesteroli. Ni kweli wanayo. Gramu 100 za kamba zina miligramu kati ya 150 na 200, karibu sawa na yai moja. Zamani Wamarekani walikuwa wakiambiwa wasizidishe miligramu 300 kwa siku. Katika mwongozo wao wa mwaka 2015 kikomo hicho kiliondolewa. Ilikuwa imebainika kwamba kwa watu wengi, kinachopandisha kolesteroli ya damu hasa ni mafuta mazito, yale yanayoganda yakipoa, kuliko kolesteroli iliyomo chakulani. Na mafuta ya namna hiyo kamba hana. Gramu 100 za kamba zina mafuta yasiyofika hata gramu 2 kwa jumla, ilhali protini ni gramu 20 au zaidi, pamoja na ayodini, zinki na vitamini B12.

Siagi ndiyo yenye mafuta hayo. Nusu ya uzito wake ni mafuta mazito. Samli huzidi kidogo, na mafuta ya nazi huzidi zaidi. Tukichukua pakiti moja ya siagi ya gramu 250 na kuimaliza kwa walaji watano, kila mmoja amekula gramu 25 hivi za mafuta mazito. Kiwango cha Shirika la Afya Ulimwenguni ni chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 22 hivi kwa mtu anayehitaji kalori 2,000. Amekwisha kupita, na bado hajagusa wali wa nazi.

Lakini kijiko kimoja cha chakula kwa kila mtu kina gramu 7 tu. Hicho hakiui mtu kwa karamu moja ya kaskazi. Mtu anayekula viazi karai na bhajia kila jioni, mwaka mzima, kisha akakataa kijiko cha siagi siku ya kamba, anaziba tundu dogo na kuacha mlango wazi. Wala asikimbilie majarini ngumu kwa kudhani ni dawa. Miaka ya nyuma matabibu waliwahimiza watu waache siagi watumie majarini, kisha tangu utafiti wa mwaka 1990 ikaanza kujulikana kwamba mafuta yaliyogandishwa viwandani yanaweza kuudhuru moyo kuliko siagi yenyewe. Fani yetu ilikosea, na ni vizuri kukiri.

Wako wanaopaswa kujizuia zaidi. Aliyewahi kupata maradhi ya moyo, mwenye kisukari na ambaye kolesteroli yake iko juu kwa urithi wa ukoo wazungumze na daktari wao. Mwenye jongo ajue kwamba kamba na kaa wanaweza kumwamsha na kidole gumba kilichovimba. Mwenye presha na apunguze chumvi. Kamba wana chumvi yao ya asili, na ndimu na thomu hutosha kuwatia ladha. Mama mjamzito anaweza kula kamba bila hofu, mradi wameiva barabara.

Nimeulizwa pia mara nyingi kama kula samaki pamoja na kitu kitokanacho na maziwa huleta mabaka meupe ya ngozi. Wazee wetu waliliamini hilo, nami nawaheshimu, lakini sayansi haijaona ushahidi wake.

NAMNA YA KUCHOMA

Jambo la kufurahisha ni kwamba mapishi mazuri na afya njema hapa vinakwenda njia moja. Siagi ina chembe za maziwa zinazoungua upesi. Ukimpaka kamba siagi tangu mwanzo, inadondoka kwenye makaa, inatoa moshi mweusi, na kamba anapata uchungu. Wapishi wa zamani walitumia samli kwa sababu haiungui upesi. Basi mpake kamba mafuta kidogo sana ya kupikia. Mchome kwa makaa yaliyoshika jivu, dakika mbili au tatu kila upande kwa kamba wakubwa. Akiacha rangi ya kijivu, akawa mwekundu nje na mweupe usiopenya mwanga mpaka katikati, ameiva. Kamba mawe, ambaye wengine humwita kamba koche, mpasue kwa urefu, na usimtoe mpaka nyama iliyo nene kabisa iwe nyeupe na ngumu. Hapo ndipo umwagie ile siagi uliyoiyeyusha kando na thomu na ndimu, kijiko kimoja kwa kila mtu. Utaisikia ladha yake vizuri zaidi, nawe utakuwa umetumia robo ya pakiti tu au zaidi kidogo.

Viungo vitiwe kwa nusu saa, ndani ya friji, si mezani. Maji yaliyobaki ya viungo yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi. Sinia la wabichi lisirudishiwe walioiva. Kachumbari ikatwe kwanza, kabla kamba hawajafunguliwa. Umeme ukipotea, usifungue friji. Ikiachwa imefungwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Na mvua ikianguka, jiko la makaa lisiingizwe chumbani na madirisha yakafungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo hulaza watu wasiamke.

Ama yule bwana wa Likoni, dawa yake ni ya bei ndogo. Anunue kamba anapotoka kazini, au kama ni lazima anunue mchana, aende na ndoo yenye kifuniko na barafu, kamba wakae katikati ya barafu. Wakifika nyumbani waingie friji papo hapo.

MZIO HAUNA MZAHA

Bado kuna jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Wako watu ambao miili yao haiwapokei wanyama wa baharini wenye maganda. Mzio huu aghalabu huanza ukubwani. Mtu amekula kaa tangu utoto, kisha siku moja midomo inavimba, ngozi inawasha na kutoka vipele, kifua kinabana. Watu humwambia ale kidogo kidogo atazoea. Tafadhali, asifanye hivyo. Moto hauondoi kiini cha mzio huu, na mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Akishindwa kupumua, au akilegea na kutaka kuzimia, vidonge vya kuwasha havitoshi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, na huhitajika kwa dakika, si kwa saa. Mlaze, inua miguu yake. Kama anabanwa na pumzi, mwache akae lakini asisimame. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Ukiwa Likoni, usiingie foleni ya feri kutafuta hospitali kubwa ya kisiwani wakati kuna kituo upande wako. Na wewe mwenye kualika, kabla ya kuwasha makaa, waulize wageni wako kama yuko asiyekula kamba. Si aibu kuuliza.

Kwa wale ambao tumbo limekwisha kuwaharibikia, jambo la kwanza ni maji. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe sawa juu, na mgonjwa anywe kidogo kidogo kila mara. Akitoa damu, akiwa na homa kali, akikosa mkojo, au akiharisha maji matupu kama ya mchele, aende hospitali mara moja. Mtoto mdogo na mzee wasingojewe.

Nisije nikaonekana nawahubiria wengine. Miaka michache iliyopita nilialika watu nyumbani kwangu. Umeme ulipotea alasiri, nami nikawaacha kamba wa watu kumi mezani, ndani ya ndimu, nikisema wageni wanakuja sasa hivi. Walikuja baada ya saa tatu. Niliwatazama wale kamba, nikajua ninachopaswa kufanya, nikakumbuka bei niliyolipa. Sikuwatupa. Usiku ule mama mkwe wangu alitapika hadi alfajiri, nami ndiye niliyemtundikia maji ya mshipani. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hivyo naijua sababu inayotufanya tusiwatupe. Kamba ni ghali, na mkono unasita. Naomba wanaosimamia masoko yetu ya samaki wahakikishe kwamba barafu na maji safi havikosekani hapo, kwa bei ambayo mchuuzi na mnunuzi wa kawaida wanaimudu. Lakini hata wakifanya hivyo, saa za mwisho ziko mikononi mwetu sisi wenye kununua na kupika. Ukiwa na shaka na kamba wako, watupe, uwape wageni wali na mchuzi wa kunde. Watakucheka usiku huo, na asubuhi watakwenda kazini.